Sote Wawili, Bibi Yangu na Mimi

Rubya, 3 Juni 1951

Mjukuu wangu Mujuni,

Ukiwa mzima nashukuru. Ukiwa mgonjwa usinifiche, maana nitajua tu. Mimi goti la kushoto ndilo linaloniamrisha siku hizi, viungo vingine bado vinanitii. Anayeandika ni Kokwijuka, jirani yetu, mjane wa katekista. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno. Yeye hupenda kuyapunguza ukali. Tunagombana, lakini tunagombana vizuri.

Mujuni, naogopa. Nimeliweka mbele neno hilo usije ukasoma mbio ukaliruka.

Mushumbusi alikuja Jumanne. Ni yule kijana wa marehemu mtwazi wetu, ambaye sasa ardhi yote ya huku inahesabika kuwa yake na sisi tuliomo ni watwarwa wake, wapangaji tu. Baba yake sikumpenda, lakini alikuwa akibisha hodi. Huyu aliingia kwenye kibanja chetu, kati ya migomba, kama mtu anayeingia kwenye kiatu chake. Alikuwa na watu wawili na mzigo wa vipandikizi vya mlamula. Wameipanda hiyo miti ya mpaka kuanzia kwenye mibuni hadi kichwani mwa kaburi la babu yako Kamugisha. Kichwani, Mujuni! Mmoja alisimama juu ya babu yako akifuta jembe.

Nikasema, "Waitu, mabwana, mmepotea njia?"

Mushumbusi akasema, "Bibi, mrithi wa Kamugisha yuko wapi?"

"Yuko Bukoba, kwenye kazi."

"Basi kibanja hakina mrithi. Mrithi ni anayelala. Kisicholaliwa kinarudi kwangu."

"Na mimi ninayelala hapa ni nini, kuku?"

Wakacheka. Akasema mwanamke mjane hahesabiwi. Kisha akala ndizi yangu mbivu, akatupa ganda kwenye mlango wangu, akaenda.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Jani la mgomba likigonga ukuta nashika panga. Babu yako yuko kwenye ardhi hii, baba yako yuko kwenye ardhi hii, na shangazi zako waliokufa wachanga. Nikitolewa hapa, nani atajua walipolala?

Wewe unajifunza Kiingereza. Mwandikie Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, kwa lugha yake. Yaandike maneno mazito, yasiyopeperuka.

Ni mimi bibi yako,
Kokubanza

Bukoba, Kitendaguro, 16 Juni 1951

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila barua yako niliisoma mara tatu. Mzee Muharami mwenye nyumba anakusalimu sana. Amesema hilo goti ulikande kwa maji ya moto. Hapa gulioni tunanunua kahawa tangu asubuhi hadi jua linazama, na tajiri hataki hata kusikia mtu akiomba ruhusa.

Bibi, barua nimeiandika na imekwisha kufika ofisini. Kaa utulie. Mwalimu Ayubu, aliyekuwa mkalimani zamani na sasa anatufundisha sisi vijana baada ya kazi, amenionyesha jinsi Waingereza wanavyolitia neno nguvu. Hawalipandishii sauti. Wanalipatia mwenzake. Neno moja linafungua, la pili linafunga, na lililo katikati haliwezi kutoka. Wakitaka kukataa hawakatai mara moja. Wanasema "neither" halafu wanangoja, halafu "nor", na mlango umefungwa mara mbili. Wakitaka kuongeza wanasema "not only", msomaji anainua kichwa, kisha "but also" inamwangukia. Na wakitaka kuunganisha watu wawili wasiachane, "both" huja mbele na "and" hukaa katikati yao kama kamba.

Zote nimezitumia. Nimeandika kwamba marehemu babu wala hakuhama wala hakufukuzwa. Nimeandika kwamba siyo tu alipanda migomba hiyo, bali pia amezikwa chini yake. Na ile ninayoipenda zaidi, nakutafsiria: "Sote wawili, bibi yangu na mimi, twalala katika kibanja hiki na hatujapata kulala pengine." Ukiisikia kwa Kiingereza, Bibi, inakwenda kama ngoma.

Nimetia saini mbele ya karani. Usiogope tena.

Mjukuu wako,
Mujuni

Rubya, 24 Juni 1951

Mujuni,

Nimesikia uko mzima. Mimi mzima pia, isipokuwa hasira, na hiyo maji ya moto hayaiondoi.

Kokwijuka alikuwa akinisomea vizuri tu, mara akanyamaza. Nikamwambia, "Mbona umesimama? Umekutana na nyoka?" Akasema, "Mama, hapa pana neno." Nikamwambia alisome. Akalisoma.

Wewe unalala hapa tangu lini?

Mwaka jana ulikuja wakati wa senene, ukala, ukajaza kopo, ukarudi. Krismasi ulileta sabuni. Huko ndiko kulala? Mimi nalala hapa, ni kweli. Mimi nalima, ni kweli. Ungesimama hapo! Lakini neno lako lilidai mwenzake, nawe kwa kuwa hukuwa na wa kweli ukaenda kuazima kwenye uongo.

Na usinidanganye kwamba hayo ni maarifa ya Wazungu. Sisi hatusemi? Siku niliyomkatalia mume wa kwanza walionichagulia, nilimwambia baba yangu, "Wala simtaki, wala sitamtaka." Akaelewa. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Ila nilikuwa simtaki kweli, na nilikuwa sitamtaka kweli. Pande zote mbili nilikuwa nazo.

Sasa sikiliza. Tarishi amepita. Bwana Shauri atakuja Muleba kufanya baraza tarehe kumi na saba ya mwezi ujao, na shauri letu litasikilizwa. Wametaka tuje sote wawili, wewe na mimi, "wanaolala katika kibanja". Tarishi alilisema hivyo hivyo. Mushumbusi amekwisha kulisikia. Jana alipita barabarani akaniuliza kwa sauti, majirani wote wasikie, "Bibi, mjukuu wako ameamkaje leo?"

Niliingia ndani nikafunga mlango. Mimi, Kokubanza, nilifunga mlango mchana.

Bibi yako

Bukoba, 1 Julai 1951

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua. Mimi sijambo mwilini.

Nimemwonyesha Mwalimu Ayubu nakala ya barua. Aliisoma akitabasamu, akasifu kila jozi, alipofika pale akaniuliza, "Kwani unalala huko?" Nikasema hapana. Akavua miwani. Akasema, "Ulitia saini mbele ya karani? Basi hiyo si barua tena, kijana. Hicho ni kiapo, na kiapo cha uongo kina kifungo." Kisha akaniambia nisimtaje jina.

Bibi, sikukusudia. Naapa, ingawa sasa hata kuapa naogopa. Niliandika kwamba wewe unalala hapo, nikaitazama sentensi, nikaona imekaa upande mmoja, kama haitamtikisa mtu. Nikajiongeza. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti na iliniridhisha mno, hata sikujiuliza kama ni kweli.

Tajiri nimemwomba ruhusa ya siku ya baraza. Amesema nikienda nisirudi. Lakini si hilo linalonizuia, nakwambia ukweli. Nikisimama pale wataniuliza, nami nitatetemeka, na kila mtu ataona.

Nakuomba, Bibi. Nimepiga magoti hapa ninapoandika. Sema neno moja tu: kwamba nalala hapo, ila siku hiyo nimeugua, nimelazwa hospitali. Wewe ni mtu mzima, watakuamini. Ukilisema hilo, kibanja kimepona nami nimepona. Usiposema, tumepotea sote wawili.

Mjukuu wako anayeogopa,
Mujuni

Rubya, 9 Julai 1951

Mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika. Simama, utachafua suruali.

Hospitali iko ng'ambo ya bonde hapa. Watamtuma tarishi, naye atakuwa amerudi kabla sijamaliza kukohoa. Hata uongo wenyewe hujui kuutunga. Hilo linanifariji kidogo.

Usidhani sikujaribu. Kokwijuka anasema nisiandikishe haya. Andika, mama. Juzi nilifagia chumba chako. Nikakata majani mabichi huko lweya, kwenye mbuga, nikayatandika chini, mazuri, kama anakuja bwana harusi. Nikatoa lile koti lako la zamani nikalitundika ukutani, na kikombe nikakiweka dirishani, ili atakayechungulia aseme, kweli mtu anaishi humu. Kisha nikakaa kwenye kizingiti nikatazama. Mujuni, koti lilining'inia kama la marehemu. Ndivyo tulivyotundika la baba yako wiki ile, kabla hatujaligawa. Nikalitoa mbio, nikalikumbatia, Kokwijuka akanikuta hivyo akadhani nimepata habari mbaya.

Sitasema unalala hapa. Mdomo wangu ni mchafu kwa mengi, lakini uongo wa namna hiyo sijaufanya. Watu wote wa huku wanajua Kokubanza akisema jiwe ni jiwe. Ni hicho tu nilicho nacho. Sina mume, sina mwana, sina shule. Nikikivunja hicho, Mushumbusi hana haja ya kupanda mlamula.

Nitasema kweli. Nitasema mtoto alikosea, yuko Bukoba anafanya kazi, msameheni. Wao nao wana watoto.

Usije. Kula. Najua huli.

Bibi yako anayekupenda kuliko unavyostahili,
Kokubanza

Bukoba, 22 Julai 1951

Bibi,

Shikamoo. Uko mzima? Nijibu hilo kwanza.

Baraza limepita na sina habari. Siku ile nilikosea mizani mara nyingi hadi tajiri akaniondoa pale. Kila basi la Muleba likifika nakwenda kusimama. Mwanamke mmoja aliyeshuka na mikungu ya ndizi ameniambia aliona bibi kizee amesimamishwa mbele ya Bwana Shauri na askari ubavuni. Nikamwuliza bibi gani. Akasema, mfupi, mkali. Nikamwuliza ikawaje. Akasema alikuwa na haraka ya basi.

Mzee Muharami ananiambia nile. Chakula hakipiti. Nikisikia viatu uani nadhani ni askari, kumbe ni yeye anakwenda kutawadha.

Bibi, kama hasira imekuzuia kuandika, nitukane. Tuma hata karatasi yenye tusi moja.

Mujuni wako

Rubya, 29 Julai 1951

Mjukuu wangu,

Mpumbavu wee. Hilo tusi lako. Mzima mimi. Kokwijuka alikuwa na homa, na mkono mwingine wa kuandika sina. Nisingemwita mtu yeyote asikie haya.

Tulikwenda kwa miguu hadi Muleba, tukaketi kwenye nyasi na watu wengine. Mushumbusi alikuwa na kanzu mpya, amekaa kitini. Tulipoitwa, Bwana Shauri alisoma barua yako. Aliisoma yote kwa Kiingereza, na Mujuni, ni kweli inakwenda kama ngoma. Hata mimi nisiyejua neno nilijikuta natikisa kichwa. Kisha mkalimani akaigeuza. Alipofika pale, Mushumbusi akakohoa.

Bwana Shauri akauliza, huyo Mujuni yuko wapi?

Nilikuwa na kweli yangu mdomoni tayari. Nakwambia ilikuwa pale, nimeitafuna njia nzima. Nikasema, "Waitu, mtoto yuko Bukoba." Kabla sijasema la pili, akaandika kitu, akasema neno, mkalimani akageuza: "Aliyetia saini atafuatwa na askari Bukoba." Na askari aliyekuwa amejiegemeza akasimama, akakaza mkanda wake. Alikuwa kijana wa umri wako. Mikono mikubwa.

Basi. Ile kweli niliimeza.

Nikasema, "Maneno hayo ni yangu."

Akaniuliza, "Wewe unajua Kiingereza?" Watu wakacheka.

Nikasema, "Sijui, ndiyo maana nilimtuma mtoto. Mkono wake, kinywa changu. Alikataa, nikamlazimisha. Nilimwambia asipoandika hivyo, wala si mjukuu wangu wala asinizike."

Mkalimani mwenyewe aliniangalia sana kabla ya kutafsiri. Nadhani alijua. Kokwijuka pembeni alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mushumbusi alisimama akasema, "Mnaona? Mwongo!" Na watu wanaonijua tangu nikiwa msichana wakatazama chini. Hilo ndilo lililoniuma, si yeye.

Bwana Shauri alisema kwa ajili ya uzee wangu hatanifunga, na kijana aliyelazimishwa hana kesi. Lakini shauri lililojengwa juu ya uongo halisimami. Kibanja kitarudi kwa mtwazi, nami nitoke kabla ya mvua za vuli.

Ndiyo hivyo. Usije, usiandike kwa mtu, usiseme neno. Ningeweza kubaki na wewe au na makaburi, na makaburi hayawezi kufungwa pingu. Nimekuchagua wewe, na wala sijutii wala usinishukuru. Nitahamia kwa Kokwijuka. Ana kitanda kimoja na anakoroma. Hapa ameandika kwa hasira.

Naogopa asubuhi ile tu, nitakapotoka na chungu changu mkononi, na watu wa Mushumbusi wamekaa kando ya kaburi wanangoja.

Bibi yako

Bukoba, 6 Agosti 1951

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Uniwie radhi, nimekukaidi.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Shauri. Kazi ya kahawa nimeiacha asubuhi. Barua hii ataibeba Mzee Muharami hadi kwenye basi. Amesimama hapo nje tangu tulipofika, hataki kukaa, hataki kuondoka.

Nimekwisha kumwona karani. Nimemwambia bibi yangu hakunilazimisha, hakujua, na aliposomewa alinigombeza. Nimemwambia uongo ule niliutunga mimi. Karani alinipa karatasi niandike, akauliza kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Nimeandika kwa Kiswahili, mistari mitatu. Barua yako niliyokuja nayo nimemwonyesha, ile ya kunigombeza, ili waamini. Yeye na wenzake walicheka kidogo walipofika kwenye kopo la senene.

Sasa nangoja kuitwa ndani. Naogopa, Bibi. Lakini wewe kuitwa mwongo mbele ya watu wa kwenu, hilo sikuweza kulala nalo.

Mlango umefunguka. Wan

Rubya, 14 Oktoba 1951

Mjukuu wangu Mujuni, huko kifungoni,

Wanasema barua zinasomwa kwanza na wakubwa. Basi wakubwa, hamjambo. Wapeni watoto wa watu chakula cha kutosha.

Mimi mzima. Goti limenyamaza tangu mvua zilipoanza, sijui linapanga nini. Wewe usiniambie u mzima. Nitakuja kukuona mwenyewe.

Barua yako ilikatika katikati ya neno. Nililia, kisha nikamtukana Kokwijuka, kisha tukala. Wiki moja nzima sikujua umepelekwa wapi. Mzee Muharami ndiye aliyetuma mtu kuniambia umefungwa. Mungu ampe kila anachoomba pale anapoinama.

Mkungu, mkuu wa kijiji, amekuja na hukumu mpya. Alikaa ndani, kwenye majani, si mlangoni. Amesema Bwana Shauri, baada ya kusoma mistari yako mitatu, amelirudisha shauri kwenye baraza la huku, na wazee wameamua hivi: mimi nisitoke. Kibanja kinangoja. Siku utakapofunguliwa utakuja kulala hapa, siyo tu usiku mmoja wa kuonyesha watu, bali pia uoe hapa, na uzeeke hapa. Usipolala, ni cha Mushumbusi, na hakuna barua tena. Nimemwuliza, "Na kazi za mjini?" Akasema, "Achague." Sikujibu kwa niaba yako. Nimejifunza.

Milamula watu wa Mushumbusi wameing'oa wenyewe. Mmoja umebaki, umeshika mizizi, hautoki. Mushumbusi bado anapita jioni, anasimama barabarani, hasemi kitu. Zamani alikuwa anasema. Hili la kunyamaza linanitisha zaidi. Kokwijuka amehamia kwangu na kukoroma kwake. Nalalamika kila asubuhi, na usiku namshukuru Mungu.

Watu wengine wanapishana nami bado kimya. Kwa hao yataka tuwe na subira, wewe na mimi.

Tunakuja na basi la Alhamisi. Nimefunga matoke na samaki, na kibuyu ambacho sisemi kina nini kwa sababu wakubwa wanasoma. Wameniambia wafungwa mnafyeka nyasi kandokando ya barabara karibu na ziwa, mmevaa sare, na watu wakipita mnageuza nyuso. Mimi nitasimama barabarani. Nitavaa ile kanga nyekundu. Usije ukainama ukajifanya unatafuta fyekeo. Nitakuita kwa jina lako na la baba yako na la babu yako, kwa sauti, mpaka askari ageuke.

Uitike.

Bibi yako,
Kokubanza